Maswali ya Wasomaji: Kula katika Mgahawa wa Kipakistani

Swali: Dada Mhariri, assalaam alaykum. Mwanangu wa kwanza anafanya kazi Mombasa, na mwezi ujao ametualika mimi na baba yake tuvuke Horohoro tukamtembelee yeye na mkewe. Anasema atatupeleka kula katika mgahawa wa Kipakistani ambao wenyewe wanajitangaza kuwa chakula chao ni cha asili hasa. Mimi nimezaliwa Ngamiani na nimekula sambusa, bajia, biriani na michuzi ya Kihindi tangu utotoni, kwa hiyo sijui kama nitakutana na jambo jipya au ni chakula kile kile kwa jina jingine. Naomba unieleze nitajuaje kuwa chakula ni cha asili kweli, na sisi watu wanne tuagize nini. Baba watoto ana presha, na daktari amemkataza chumvi nyingi.
Mama wa Ngamiani, Tanga

Jibu: Waalaykum salaam, dada yangu. Utakutana na jambo jipya, na sababu yake ni hii: chakula cha Kiasia tulichokizoea hapa Tanga kimetoka kwa familia ambazo nyingi asili yao ni Kutch na Gujarat, magharibi ya India, na huko ndiko zilikotoka bajia na kachori zetu. Pakistan inapika kwa namna nyingine. Huko msingi wa sahani ni mkate wa ngano, mtindi na nyama iliyokaa motoni muda mrefu, na tui la nazi, ambalo kwetu ndilo roho ya mchuzi, hutaliona katika vyakula vyao vikuu.

Vyakula vingi vya huko ni vikongwe kuliko nchi yenyewe, iliyopatikana mwaka 1947 Bara Hindi lilipogawanywa. Wakati huo Waislamu wengi waliondoka Delhi na miji mingine ya kaskazini ya India wakahamia Karachi, na mapishi yao yakahamia pamoja nao. Ndiyo maana nihari, mchuzi mzito wa nyama ya ng'ombe ambao asili yake inahusishwa na Delhi, leo ni miongoni mwa vyakula vya kwanza kutajwa Karachi inapozungumziwa. Lahore, mji mkuu wa Punjab, ina mkono wake wenye viungo vingi na samli. Peshawar, karibu na mpaka wa Afghanistan, hupika nyama kwa chumvi, nyanya, pilipili mbichi na mafuta ya kondoo, basi, na wenyeji wake wanaona fahari kwamba hawahitaji zaidi. Kwa hiyo unapofika mgahawani, uliza mpishi anatoka upande gani. Swali hilo halina utovu wa adabu hata kidogo. Mpishi wa kweli hulifurahia, na jibu lake ndilo litakaloamua mezani kwenu paletwe nini.

Kipimo changu cha kwanza cha uasili ni mkate. Naan na roti huokwa katika tanuri la udongo ambalo joto lake huweza kupita nyuzi 400 za selsiasi, na unga uliosukumwa hubandikwa ukutani kwa ndani, kama unavyoujua mkate wa mofa. Unaiva kwa dakika moja hivi. Ndiyo maana mgahawa wenye kuiheshimu kazi yake hauoki mkate kabla ya kuagizwa: huletwa mmoja mmoja au miwili miwili, wa moto, wenye malengelenge na madoa ya kuungua hapa na pale, na mkiumaliza unaletwa mwingine. Ukiona mkate umeletwa wote kwa pamoja, umepoa na umelegea, punguza matumaini, maana hakuna mchuzi utakaouokoa mlo huo.

Kipimo cha pili ni karahi, yaani nyama ya mbuzi au kuku inayopikwa kwa moto mkali katika karai la chuma lenye masikio mawili, na huletwa mezani ikiwa ndani ya karai lile lile huku bado inachemka. Karahi ya kweli hupikwa baada ya wewe kuagiza. Mara nyingi huuzwa kwa uzito, kilo au nusu kilo, na ya kuku haiwezi kupungua nusu saa, huku ya mbuzi ikichukua muda zaidi. Ikiletwa kabla hamjamaliza kachumbari, fahamu kwamba nyama ilichemshwa tangu asubuhi na ikamwagiwa mchuzi mmoja unaotumika kwa kila sahani jikoni humo. Nina uchungu na mtindo huo, kwa kuwa mteja hulipia majina kumi akala mchuzi mmoja. Utautambua hata kwenye menyu: ukiona kurasa nyingi zenye vyakula vya Kichina, piza na chicken tikka masala, ambayo umaarufu wake mkubwa ni wa Uingereza, ujue jiko hilo linajaribu kumridhisha kila mtu. Menyu fupi inatia moyo zaidi.

Sasa mwagize nini? Kwa watu wanne mimi ningeanza na nihari. Ni nyama ya ng'ombe ya sehemu ya muundi, iliyopikwa usiku kucha kwa moto mdogo pamoja na mifupa yenye uboho, ikatiwa shamari, tangawizi kavu, iliki, pilipili manga na viungo vingine, kisha mchuzi ukafanywa mzito kwa unga wa ngano. Juu yake huelea mafuta mekundu yenye viungo. Pembeni huletwa tangawizi mbichi iliyokatwa vijiti vyembamba, pilipili mbichi, kotmiri na ndimu, na kila mtu hujitilia apendavyo; usiipuuze ile ndimu, kwa sababu nihari ni nzito na bila ukali wa ndimu na tangawizi itakukinai kabla hujafika katikati ya bakuli. Huliwa kwa naan, kamwe si kwa wali. Katika Karachi watu huila asubuhi, kama sisi tunavyokunywa supu ya makongoro, na baadhi ya maduka yake mashuhuri yapo katika mtaa wa Burns Road. Kama mgahawa huo wa Mombasa unaipika kwa siku maalumu tu, Ijumaa au Jumapili kwa mfano, hiyo ni dalili njema, na mwanao apange safari yenu ya mezani kwa siku hiyo.

Ongezeni nusu kilo ya karahi ya mbuzi na kababu za chapli. Hizi za chapli ni za Peshawar: nyama ya kusaga ya ng'ombe yenye nyanya, giligilani iliyopondwa nusu, unga kidogo wa mahindi na mbegu kavu za komamanga zinazotia uchachu, ikabonyezwa ikawa pana kama kiganja na kukaangwa kwenye mafuta mengi. Ziko mbali na kababu zetu za mviringo, na nakuhakikishia zitakuwa za kwanza kwisha. Sahani moja ya adesi, bakuli la mtindi uliotiwa matango, nanaa na bizari nyembamba, na kachumbari, vitawatosha. Msiagize zaidi ya hapo. Sahani huwekwa katikati na wote huchota humo humo, na ukarimu wa Kipakistani hupima kwa wingi, kwa hiyo sahani iliyoandikwa ya mtu mmoja mara nyingi huwatosha wawili.

Kama wana halim, mwombe mhudumu akuonjeshe kijiko. Ni ngano, shayiri, dengu na nyama zilizopikwa saa nyingi na kupondwa hadi zikawa kitu kimoja kinachovutika, na wewe unayejua kusonga bokoboko la Ramadhani utajua mara moja kazi iliyomo. Tofauti ni kwamba bokoboko letu ni jeupe na la upole, ilhali halim ina viungo vikali na juu yake hutiwa vitunguu vya kukaanga, tangawizi na ndimu.

Kuhusu baba watoto, neno la daktari wake ndilo la kufuatwa, lakini ipo njia ya kumlinda bila kumnyima mlo. Nihari na halim zimekwisha kutiwa chumvi tangu usiku na hakuna mpishi anayeweza kuitoa, kwa hiyo hizo aonje tu. Karahi inapikwa kwa ajili yenu, na mnaweza kusema tangu mwanzo kwamba chumvi iwe kidogo. Vivyo hivyo kuku au samaki wa kuchoma, ikiwa hakulazwa katika viungo tangu mapema, jambo ambalo inafaa kuuliza. Achari aiache kabisa, maana hiyo huhifadhiwa kwa chumvi. Na akitaka lasi, yaani kinywaji cha mtindi, aseme asitiliwe chumvi, kwa sababu ipo ya sukari na ipo ya chumvi, na katika migahawa mingine usipotaja huletewa ile waliyoizoea wao.

Swali: Shikamoo bibi mhariri. Nilipokuwa Dar es Salaam rafiki yangu alinipeleka kula biriani ya Kipakistani. Nikaletewa wali uliochanganyika na nyama, mkavu bila mchuzi, una viazi ndani na tunda fulani chachu lililokauka, na punje nyingine nyeupe nyingine za manjano kana kwamba rangi haikuenea. Mimi biriani ninayoijua ni wali huku na masala yake huku. Je, niliuziwa pilau?
Kijana wa Makorora, Tanga

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hukuuziwa pilau, na kwa maelezo yako nadhani ulipata biriani nzuri ya mtindo wa Sindh, mkoa wenye mji wa Karachi. Viazi ndivyo vinavyoitambulisha, pamoja na lile tunda chachu, ambalo ni plamu iliyokaushwa. Huwekwa makusudi ili mlaji akikutana nalo katikati ya nyama na mafuta, mdomo upate kuamka.

Tofauti na ya kwetu iko katika namna ya kukamilisha. Pwani tunaipika masala ya biriani peke yake hadi ikauke na kushika mafuta, wali tunaupika peke yake tukautia zafarani au rangi na samli, na viwili hivyo hukutana kwenye sahani. Wao hulowesha mchele wa basmati, wakauchemsha katika maji mengi yenye chumvi na viungo vizima, kisha huumwaga maji ungali na kiini kigumu. Nyama iliyopikwa kwa mtindi, nyanya, vitunguu na pilipili mbichi hutandazwa chini ya sufuria, wali juu yake, nanaa na vitunguu vya kukaanga katikati, na maziwa au maji yenye zafarani hunyunyizwa juu. Mfuniko huzibwa kwa donge la unga au kitambaa ili mvuke usitoke, na moto hupunguzwa. Mvuke wa nyama ndio unaomaliza kuivisha wali. Kwa kuwa sufuria haikorogwi, punje zilizoguswa na zafarani huwa za manjano na nyingine hubaki nyeupe, na hilo unaloliona kuwa kasoro ndilo linalothibitisha kwamba mpishi alifuata njia. Biriani yenye rangi moja kila punje imekorogwa, au rangi ilitiwa ndani ya maji ya kuchemshia.

Ukienda tena, angalia mhudumu anavyopakua. Kijiko kinapaswa kuzama wima hadi chini ya sufuria ili upate matabaka yote. Anayekwangua juu atakupa wali mtupu, na wa mwisho kufika atapata nyama tupu iliyoloa mafuta. Kuomba kupakuliwa kutoka chini ni haki yako.

Pilau wanayo pia, huitwa pulao, na mchele wake hunywa supu ya nyama iliyochemshwa na viungo, kama tunavyofanya sisi. Yao kwa kawaida ni nyepesi kwa rangi, kwa sababu sisi tunavikaanga vitunguu hadi viwe vyeusi kidogo na hatuoni uchoyo kwa bizari ya pilau. Hata hivyo, mtu wa Tanga akila pulao yao hatajiona mgeni, wakati kwa biriani, kama ulivyoona mwenyewe, hushangaa.

Swali: Dada Mhariri, mimi sili nyama nyekundu. Wenzangu wa shule wanataka tukafanye sherehe ya kumuaga mwalimu mkuu katika mgahawa wa Kipakistani tutakapokuwa Dar es Salaam. Je, nitabaki na kachumbari tu?
Mwalimu wa Chumbageni

Jibu: Hapana, kaka Mwalimu. Sifa ya nyama imeufunika upande huu wa chakula chao, ingawa katika nyumba nyingi za Pakistan chakula cha kila siku ni adesi, dengu na mboga. Tafuta adesi zilizopikwa hadi zikalegea na kisha kumwagiwa samli ya moto yenye kitunguu thomu, bizari nyembamba na pilipili kavu wakati wa kupakua. Ukisikia zinachachatika zinapoletwa, mambo ni mazuri. Ipo bamia ya kukaanga na vitunguu, isiyo na utelezi. Yapo mabilinganya yaliyochomwa mazima juu ya makaa, yakamenywa na kupondwa pamoja na nyanya, na haya nayapenda kuliko vyakula vingi vya nyama, kwa ile harufu ya moshi inayobaki ndani. Punjab wana mboga ya majani ya haradali inayoliwa na mkate wa unga wa mahindi, nayo ni ya msimu wa baridi huko kwao, kwa hiyo usishangae usipoikuta.

Samaki pia wapo. Lahore iko mbali na bahari, na samaki wake mashuhuri ni wa mtoni, huviringishwa katika unga wa dengu wenye viungo na kukaangwa. Mgahawa wa pwani yetu utatumia samaki wa baharini, na ukipata kolekole au nguru aliyekaangwa hivyo, kula bila wasiwasi wa kupoteza uasili, kwa sababu Karachi yenyewe ni mji wa bahari.

Jihadhari na mambo mawili. Baadhi ya vyakula vya dengu hupikwa pamoja na nyama, na halim ninayoitaja juu ina nyama iliyopondwa hata huioni, uliza waziwazi. Tena uliza mafuta, kwa maana karahi ya kuku ya mtindo wa Peshawar huweza kupikwa kwa mafuta ya kondoo.

Swali: Marehemu babu alikuwa akituambia kwamba Wabulushi walifika pwani hii zamani na kwamba asili yao ni Pakistan. Je, ni kweli, na wana chakula chao kinachopatikana katika migahawa hii?
Msomaji wa Pangani

Jibu: Babu yako alisema kweli, kwa nyongeza ndogo. Wabulushi walifika Zanzibar na pwani ya bara wakiwa askari wa masultani wa Oman, wakati ambapo Pakistan ilikuwa bado haipo. Nchi yao ya asili, Makran, leo imegawanyika kati ya Pakistan na Iran. Uhusiano na Oman haukuwa wa mbali: bandari ya Gwadar ilikuwa mikononi mwa Oman hadi mwaka 1958, Pakistan ilipoinunua.

Chakula chao kinachojulikana zaidi ni saji. Mwanakondoo au kuku mzima hupakwa chumvi, akachomekwa kwenye vijiti virefu vinavyosimikwa kuuzunguka moto wa kuni, na hukaa hapo saa kadhaa akiiva kwa joto la pembeni bila kuguswa na ndimi za moto. Katika miji ya Pakistan kuku wa saji mara nyingi hujazwa wali. Migahawa michache ya nje ya Pakistan huichoma kwa njia hiyo, kwa kuwa inataka uwanja, kuni na subira, na iliyo mingi hutumia tanuri na kuiita kwa jina hilo hilo. Ukitaka ya kweli, piga simu siku moja kabla; wakikuambia inapatikana wakati wowote, agiza kitu kingine.

Swali: Dada, je, katika mgahawa wa namna hiyo ni lazima kula kwa mkono, na mtu amalizie na nini?
Dada wa Muheza

Jibu: Si lazima, mdogo wangu, na vijiko utapewa. Lakini nihari na karahi zimetengenezwa kwa ajili ya mkate na vidole. Kata kipande kidogo cha naan kwa mkono wa kulia, kikunje, shika nacho nyama pamoja na mchuzi wake. Kipande kikubwa kitalowana na kukuangukia. Epuka kuuchovya mkate uliokwisha uma katika bakuli la wote. Wali unaweza kuula kwa kijiko.

Kumalizia, kama umeshiba sana, agiza chai iliyopikwa ndani ya maziwa yenyewe bila maji mengi, yenye iliki. Chai ya rangi ya waridi ya Kikashmiri, inayopikwa kwa majani ya chai ya kijani na magadi kidogo, ikapigwapigwa hadi ibadilike rangi na kutiwa pistachio, inafaa kuonjwa mara moja angalau, ingawa wengine huitia chumvi, kwa hiyo uliza kwanza. Kama nafasi ipo, firni, ambayo ni maziwa yaliyopikwa na mchele wa kusaga na iliki na kupozwa katika vibakuli vya udongo, ni nyepesi kuliko gulab jamun, vile vidonge vya maziwa vya kukaangwa, ambazo zimelala katika shira na zinataka tumbo lenye nafasi. Shamari na vipande vya sukari vitakavyoletwa pamoja na hesabu ni vya kutafuna ili kusafisha kinywa, na havilipiwi.